Usiue mtaji kwa ajili ya gemu mpya

Leo naongea na wenye mabanda ya gemu ya kompyuta na wale mnaotaka kuanza. Kila ikitoka gemu mpya kali, dogo mmoja anafika kaunta anauliza, "Kaka, ile hamna?" Ukimwambia hamna anaondoka, wewe unabaki unawaza kupeleka mashine kwa fundi ikaongezwe nguvu. Msimamo wangu: mara nyingi hiyo hela hairudi. Nimesema mara nyingi, siyo mara zote.

Tuanze na mashine yenyewe maana hapo ndipo watu wanapigwa. Wengi wetu tunatumia zile kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya, Dell OptiPlex na ndugu zake za HP, zile nyembamba. Ni mashine nzuri, hazisumbui, na kwa kazi iliyokusudiwa zinadumu. Ila hazikutengenezwa kwa gemu. Pawa saplai yake ni ndogo, nyingi zipo kati ya wati 180 na 260, na waya wa kulisha kadi kubwa ya grafiksi haumo kabisa. Halafu boksi lenyewe ni jembamba, kadi ya kawaida haiingii. Kuna jamaa mtaani kwetu alinunua kadi safi kabisa, kufika nayo nyumbani haifungi hata kifuniko. Ikabidi aanze kutafuta boksi lingine, pawa saplai nyingine, na kumbe soketi za pawa za hizo Dell nyingi siyo zile za kawaida, kwa hiyo na mazabodi ikabidi aiangalie upya. Alienda kununua kadi moja, akajikuta ananunua kompyuta nzima kwa vipande.

Kama lazima uongeze kwenye boksi jembamba, ulizia kadi fupi zinazokula umeme wa ubaoni tu, kama GTX 1650 ya umbo dogo au RTX 3050 ya GB 6. Hizo hazizidi wati 75. RTX 3060 inakula wati 170, na NVIDIA wenyewe wanashauri pawa saplai ya wati 550. Piga picha lebo ya pawa saplai yako kabla hujatoa hata mia.

Sasa kadi ikishaingia usidhani umemaliza. Gemu mpya zinataka RAM, zinataka SSD, zinataka prosesa. Indiana Jones and the Great Circle iliyotoka Desemba 2024 mahitaji yake ya chini kabisa ni RAM GB 16 na kadi yenye ray tracing kama zile za RTX. GTX 1080 Ti, kadi iliyokuwa mfalme mwaka 2017, haimo. Battlefield 6 ya 2025 nayo inataka mashine yenye Secure Boot, na mashine nyingi za zamani hapo ndipo zinapogoma. Na RAM yenyewe mwishoni mwa 2025 ilipanda bei dunia nzima kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye mitambo ya akili mnemba. Yaani wewe wa banda la gemu unagombania RAM na matajiri wa Marekani. Sidhani kama utashinda.

Tupige hesabu. Bei ninazoweka ni za mfano tu, wewe weka za kwako. Tufanye kadi laki tano na nusu, pawa saplai laki moja na ishirini, SSD ya TB moja laki moja na themanini, RAM laki moja na nusu. Imefika milioni moja kwa mashine moja. Mashine hiyo sasa hivi inakuingizia 12,000 kwa siku, baada ya kuiongeza inaingiza 15,000. Wengi hapo wanahesabu 15,000, wanasema nitarudisha ndani ya miezi mitatu. Hapana! Ile 12,000 ulikuwa nayo tayari. Milioni yako imeleta 3,000 tu.

Toa umeme. Kompyuta ya ofisini ikila wati 80 kwa saa 10, ni uniti 0.8. Ya gemu ikila wati 300, ni uniti 3. Uniti ya tarifu ya kawaida ni kama shilingi 356 ukijumlisha kodi na tozo, kwa hiyo umeongeza karibu 780 kila siku. Na kama mita yako ilikuwa kwenye lile kundi la uniti 75 kwa mwezi za bei nafuu, utatolewa humo, na mashine zako zote pamoja na taa na friji zitaanza kulipa bei kubwa. Baki na 2,200. Milioni moja gawa kwa 2,200 ni siku 454 za kufungua. Ukifungua siku 26 kwa mwezi ni miezi 17 na kitu. Baada ya miezi 17 yule dogo atakuja tena kuulizia nyingine.

Hapo sijagusa bei ya gemu. Gemu kubwa mpya ni dola 60 mpaka 70, na akaunti moja haifungui gemu hiyo kwenye mashine nne kwa wakati mmoja. Sijagusa bando pia, na gemu nyingi sasa zinazidi GB 100.

Najua kuna wanaosema biashara ni kuthubutu, usipoboresha mteja anahama. Sawa, lakini mwangalie huyo mteja anayehama ni nani. Anayeulizia gemu mpya ya hadithi anacheza siku tatu, anaimaliza au inamchosha, basi. Anayekulipa mwaka mzima ni yule anayekuja na rafiki yake kutambiana kwenye mpira. FC 24 ya kompyuta mahitaji yake ya chini ni GTX 1050 Ti na RAM GB 8. GTA V ilifika kwenye kompyuta mwaka 2015, inafunguka na RAM GB 4, na mpaka leo madogo wanaigombania. Hata FC 26 ya 2025 ilitoka na toleo la PS4. Kwa hiyo kama milioni ipo na inakuwasha mfukoni, ulizia kwanza PS4 ya mtumba na pedi mbili za ziada. Wawili wanacheza kwa wakati mmoja na wawili wanangoja zamu huku wanakunywa soda yako. Pedi zinaharibika sana lakini, hilo mjue.

Mimi ningeongeza mashine kwa sababu moja: iwe na kazi nyingine ya kulipa. Kadi ile ile inayofungua gemu inaharakisha kuhariri video. Kama mchana unapokea kazi za harusi, kipaimara, matangazo ya maduka, halafu jioni mashine ile ile inachezwa, hesabu inabadilika kabisa kwa sababu kazi moja ya video inaweza kuzidi mapato ya gemu ya siku kadhaa. Ongeza mashine moja tu. Uza ile kadi ya zamani mapema kabla haijapitwa, usiitunze kabatini. Na ununue kadi ya mtumba kwa mtu atakayekubali uijaribu saa nzima ikicheza gemu zito mbele yako. Nyingine zikiwa baridi ni nzima, zikipata moto zinaanza kuchora mistari.

Na mnaojiandaa kuongeza mashine kwa ajili ya GTA 6: mpaka naandika hapa, Rockstar wameitangaza kwa PS5 na Xbox Series peke yake. Kompyuta hawajaitaja. Kwa hiyo fundi akikuambia lete laki saba mashine iwe tayari kwa GTA 6, muulize tayari kwa ipi.