Mchanga Upi, Mwalimu?

Kanuni ya udongo wa kitalu inayofundishwa mara nyingi shuleni ni nyepesi kukariri: udongo wa juu sehemu 3, samadi 2, mchanga 1. Mwanafunzi aiandikaye hivyo hupata alama zake. Lakini akiifuata huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kwa kuchota mchanga wa ufuoni ulio karibu naye, huenda asione mche hata mmoja. Mchanga huo una chumvi. Si bure kwamba viwanda vya chumvi vimejengwa katika ukanda huo.

Nautumia mfano wa pitaya, ambalo wengi huliita tunda la joka, kwa kuwa mbegu yake haistahimili makosa. Mmea huu ni wa jamii ya dungusi kakati. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, ambako hutambaa juu ya miti, na mizizi yake mifupi hujishikiza katika majani yaliyooza. Watu wakisikia dungusi hufikiri jangwa, wakajaza kopo mchanga mtupu. Mbegu zenyewe ni ndogo mno na hupandwa juujuu. Tabaka la juu likikauka kwa jua la pwani, chipukizi hufa siku hiyo hiyo. Tope la mikokoni nalo hushikamana, hukosa hewa na limejaa chumvi. Samadi mbichi huunguza.

Siku hizi vumbi la makumbi ya nazi husifiwa kwa kushika maji bila kuzuia hewa. Sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, makumbi yaliyofukiwa katika matope ya bahari ili yaoze na kusokotwa kamba, kazi ya mama zetu tangu jadi, hutoka yakiwa na chumvi ile ile. Sharti yaoshwe kwa maji baridi mara kadhaa.

Ngomeni haikukosa udongo ufaao. Bara kidogo kuna mchanga mwekundu ambao wanajiolojia waliupa jina la Magarini. Hauna rutuba nyingi, lakini hupitisha maji vizuri. Ukichanganywa na makumbi yaliyooshwa na mboji iliyoiva, mbegu hupata unyevu na hewa kwa pamoja. Anayeshuku mchanganyiko wake na aoteshe kwanza maharagwe machache. Mmea huo hudhoofishwa upesi na chumvi.

Nitaambiwa kwamba mkulima hupanda vipande vya shina, maana mche wa mbegu huchukua miaka mingi kuzaa. Ni kweli, naye mkulima na aendelee hivyo. Darasa lina haja nyingine: tunda moja hutoa mamia ya mbegu, zinazotosha kila mwanafunzi kulinganisha makopo yake. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unadai kujifunza kwa kutenda. Nashikilia kwamba kukariri 3, 2, 1 si kutenda, na mtahini asiyeuliza mchanga ulitoka wapi amepima kumbukumbu tu. (Kutoka bahari hiyo hiyo ya Ngomeni setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, makopo ya udongo hayatatushinda.)

Muhula wa pili huanza masika yakiwa bado yananyesha, na maji ya kuoshea makumbi hupatikana bila kununuliwa.