KHABARI ZA KODI NA AJIRA TUSINGOJE KULETEWA NA MNUNUZI



Mwezi uliopita hoteli moja ya ukanda wetu ilirudisha maboksi manne ya sabuni ya mwani. Sabuni haikuwa na kasoro. Walitaka risiti ya kielektroniki, wakapelekewa ya kitabu, iliyoandikwa kwa kalamu. Wengi humu kijijini wanasema tumeonewa. Mimi nasema hatukuonewa. Amri ya risiti hizo ina miaka kadhaa sasa, na mwenye hoteli akikosa risiti ya halali ya kitu alichonunua, atakayebanwa na wakaguzi ni yeye. Tatizo ni kwamba ushirika mzima unapata khabari za sheria kutoka kwa mnunuzi, tena siku mzigo umeshafika mlangoni kwake!

Tuelewe mambo haya yanavyokwenda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo Baraza la Wawakilishi, pale Chukwani, hupitisha bajeti, na pamoja nayo hupita mabadiliko ya kodi na ada. Kwa hiyo aliyeuliza mwaka juzi akarudi kulala, leo hajui kitu. Hata majina hubadilika. Ile Bodi ya Mapato tuliyoizoea tangu miaka ya tisini, kwa sheria ya mwaka 2022 imekuwa Mamlaka ya Mapato Zanzibar, yaani ZRA. Wapo bado wanaoitafuta Bodi.

Tena ofisi ni mbili. ZRA hukusanya kodi za Zanzibar wenyewe, kama Kodi ya Ongezeko la Thamani, hii tuiitayo VAT, na ushuru wa stempu. Kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano, mwenyewe ni TRA. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, khasa wasikilizaji wa redio. Bwana mmoja alikuja barazani akatangaza kuwa VAT ni asilimia 18, basi kina mama wa kikundi cha mafuta ya nazi wakakesha wanapiga hesabu upya. Asilimia 18 ni ya Bara. Kwetu kiwango cha kawaida ni 15.

Kwenye ajira ndo kabisa. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Bara wana sheria yao ya mwaka 2004 na mfuko wao wa NSSF. Sisi tuna Sheria ya Ajira Nam. 11 ya mwaka 2005, na mfuko wetu ni ZSSF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Anayeleta khabari ya redio aulizwe kwanza: hiyo ya kwao au ya kwetu?

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua litawaudhi baadhi ya wazee wangu, na wanisamehe. Mlinzi wetu wa ghala ana miaka sita kazini. Tunamwita "kijana wetu". Hulipwa kwa siku, na fedha zake katika daftari zimo chini ya "matumizi madogo madogo", pamoja na sukari ya mkutano. Mwanachama anayefunga kamba za mwani hadai mshahara, maana yeye ni mwenye mali. Faida yake, hasara yake. Mlinzi hana hisa. Yeye ni mwajiriwa na sisi ni waajiri, tupende tusipende.

Mchango wa ZSSF ulipoanza ulikuwa asilimia 5 kwa mfanyakazi na 10 kwa mwajiri, na tangu hapo umepandishwa. Kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi nacho kilipandishwa mwaka 2024 mpaka shilingi 347,000 kwa mwezi. Anachopata mlinzi wetu siandiki ukutani. Mtunza Hazina anacho, na kila mwanachama ana haki ya kukiuliza.

Wapo wanaosema tukimwandikisha ghala litafungwa. Hoja hiyo si ya kudharau. Bei ya mwani inapangwa mbali na hapa, na mnunuzi hatuongezei hata shilingi moja kwa kilo kwa kuwa mshahara wa mlinzi umepanda. Lakini tukinyamaza deni halifi. Linakaa na kukua, na siku mkaguzi akija atalikuta na adhabu yake juu. Na mlinzi akizeeka atakuwa hana kitu ZSSF, wakati kijiji kizima kimelala usingizi kwa miaka yote hiyo kwa sababu yeye alikuwa macho. Afadhali twende wenyewe Kamisheni ya Kazi, tueleze uwezo wetu, tuulize tuanzie wapi. Wanachama nao wasidhani mfuko ule si wao: ZSSF ina mpango wa hiari kwa wasioajiriwa, na mkulima wa mwani anaruhusiwa kuingia.

Serikali nayo isikwepe. Wajumbe wetu hujadili kwa Kiswahili safi pale Chukwani, kisha sheria nyingi hutoka kwa Kiingereza. Mkulima wa Makunduchi na mchuuzi wa Darajani watatiije maneno wasiyoweza kuyasoma? Kila Julai mabadiliko yaletwe kwa Masheha, karatasi moja, Kiswahili, yabandikwe ukutani kama hili gazeti letu.

Mpaka hapo, napendekeza tuchague watu wawili, mmoja awe mwanamke kijana aliyemaliza skuli. Kila Julai waende Mjini, nauli itoke katika sanduku la ushirika, wapite ZRA, TRA, ZSSF na Kamisheni ya Kazi, waulize, waandike, warudi watusomee mkutanoni. Asipewe Katibu kazi hii. Katibu ana vitabu vitatu vya hesabu na watoto watano.

Hoja zote mbili nimeshampa Mwenyekiti kwa mkutano wa mwezi ujao. La mlinzi naomba liwe la kwanza, kabla ya chai, watu hawajaanza kuondoka.

Mjumbe, Kamati ya Hesabu