Michongo ya Parthenon ina kwao

Mjadala kuhusu michongo ya hekalu la Parthenon, ambayo karibu nusu ya iliyosalia iko London na nyingi ya iliyobaki iko Athens, umezoeleka kuendeshwa kama kesi ya mali: nani alimruhusu nani, na hati iko wapi. Swali hilo lina uzito, lakini linaiacha nje hoja yenye nguvu zaidi. Wachongaji wa mahekalu ya Ugiriki ya kale walikuwa wasimulizi. Walisimulia visa ambavyo watazamaji wao walivijua tangu utotoni, wakitegemea nafasi ya kila sanamu, nani anamtazama nani, na ardhi ambayo hekalu limesimama juu yake. Ukivitenganisha vipande, unaharibu usimulizi wenyewe.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko Olympia. Hekalu la Zeus huko lilikamilika yapata mwaka 457 K.K., na kwenye pembetatu ya paa upande wa mashariki, juu ya mlango, kilichongwa kisa cha Pelops. Mfalme Oinomaos alishindana mbio za magari ya farasi na kila mwanamume aliyemposa binti yake Hippodameia, na aliyeshindwa aliuawa. Mchongaji hakuonyesha mbio wala ushindi wa Pelops, mmoja wa waposaji hao; alichagua ule muda kabla farasi hawajaondoka. Wakuu wamesimama kimya, Zeus katikati yao. Pembeni ameketi mzee mwaguzi, nyama za kifua zimelegea, kipara kimeanza, mkono ameuinua karibu na shavu, naye ameingiwa na hofu kwa kuwa amekwisha kuyaona yatakayompata mfalme. Mhamishie mzee huyu peke yake kwenye mji mwingine, atabaki kuwa mzee mwenye huzuni tu, maana kinachomtisha kiko hatua chache kutoka alipoketi. Na wale wawili waliolala kwenye ncha za pembetatu, kwa maelezo ya msafiri Pausanias wa karne ya 2 B.K., ni Alpheios na Kladeos, mito inayopita hapo Olympia hadi leo. Sanamu hizi zimehifadhiwa pamoja jirani na magofu ya hekalu, na ndiyo sababu kisa bado kinasomeka.

Parthenon, iliyojengwa kati ya 447 na 432 K.K., haikupata bahati hiyo. Kwenye michongo ya upande wake wa magharibi miungu Athena na Poseidon wanagombea mji, na leo sehemu ya mbele ya kifua cha Poseidon iko Athens huku mabega yake yakiwa London. Upande wa kusini Walapithi, watu wa hekaya za Kigiriki, wanapigana na kentauri, viumbe nusu mtu nusu farasi waliolewa na kuvuruga harusi. Bamba mojawapo la vita hivyo lina miili London na vichwa viwili Copenhagen. Sijasikia hoja ya kitaalamu inayoweza kuutetea mgawanyo wa namna hiyo.

Wapo wanaosema Lord Elgin, aliyeichukua na kuipeleka London, aliiokoa michongo hiyo. Ni kweli kwamba mlipuko wa 1687 ulikuwa umelivunja hekalu vibaya, na kwamba hewa chafu ya Athens ililila jiwe lililobaki juu, hadi ukanda wa michongo wa upande wa magharibi ukateremshwa mwaka 1993. Lakini London nayo iliikwangua baadhi ya michongo kwa vyuma katika miaka ya 1930 ili ionekane nyeupe, na anayehifadhi kitu cha mwenzake wakati wa hatari hakigeuzi kuwa chake hatari ikiisha. Wengine wanasema haiwezi kurudi hekaluni hata hivyo. Haiwezi, ila makumbusho ya Akropoli yaliyofunguliwa 2009 yana ukumbi wa kioo uliojengwa kwa vipimo na mwelekeo wa hekalu lenyewe, na hekalu linaonekana kutoka humo. Hofu kwamba kurudisha michongo hii kutayamaliza makumbusho ya dunia haina msingi, kwa sababu ninachodai kinahusu kazi moja iliyokatwa vipande. Palermo ilirudisha kipande chake moja kwa moja mwaka 2022, Vatikani ikarudisha vitatu mwaka 2023. Kinachoizuia British Museum ya London kuirudisha michongo iliyo nayo ni sheria ya Uingereza ya 1963, na bunge lililoitunga lina uwezo wa kuirekebisha.