Mtoto Asiyesikia

Neno moja la lugha yetu limewatia watoto wengi taabuni. Twasema, "Mtoto huyu hasikii," na maana yetu ni kwamba hatii. Kisha twaleta methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na fimbo yafuata. Lakini je, ikiwa ni masikio yake yasiyosikia?

João wa Sita, mfalme wa Ureno, alikuwa mzito wa masikio. Hakuna aliyemshikia fimbo. Mwaka 1819 fundi Rein wa London alimtengenezea kiti cha enzi, mikono yake imechongwa mfano wa simba waliofumbua vinywa. Mwenye shauri alipiga magoti akanena kinywani mwa simba, na sauti ikapita ndani ya kiti na katika mrija hata sikioni mwa mfalme. Watu wengine walitumia pembe tu.

Baadaye umeme ulikuja kusaidia. Mnamo mwaka 1898 Miller Reese Hutchison wa Marekani alitwaa maarifa ya simu, akaunda chombo cha kukuza sauti, kikubwa cha kuwekwa mezani. Mwaka 1952 transista ikaingia katika vyombo hivyo, na baada ya miaka michache chombo kizima kikakaa nyuma ya sikio. Huko Otse, nchini Botswana, mafundi walio viziwi wenyewe walitengeneza kifaa cha kujaza betri zake kwa nguvu za jua.

Kwetu Kasongo na Kabambare si rahisi kupata vyombo hivyo. Lakini yako mambo yasiyongoja chombo. Surua, homa ya uti wa mgongo, na usaha usiotibiwa huharibu masikio ya watoto. Katika miaka ya 1970 waganga wa Kasongo waliwachanja watoto dhidi ya surua, na mwaka 1981 habari za kazi yao zilichapishwa katika The Lancet, gazeti la waganga lisomwalo duniani kote. Basi, akina mama, msiikose siku ya chanjo. Sikio likitoa usaha, mpelekeni mtoto kwenye kituo cha afya. Msitie mafuta ya moto, wala maji ya majani, wala kijiti.

Nanyi akina baba na walimu, kabla ya kushika fimbo, simameni nyuma ya mtoto, mkamwite jina kwa sauti ndogo. Asipogeuka, iwekeni fimbo chini. Mketisheni benchi la mbele, mkaseme naye uso kwa uso, polepole, wala si kwa kuelekea ubao.

Marko atusimulia ya kwamba Bwana wetu alipoletewa kiziwi alimtenga na makutano, akamgusa masikio. Hakumkemea. Nasi tuanze hapo.