Safari Isiyofika Pahala



Imekuwa ada siku hizi kwa watu wengi wa Marekani na Ulaya kuimaliza likizo yao ndani ya meli za starehe. Ada hii haikuvunjwa hata na ugonjwa wa korona. Februari 2020 meli ya Diamond Princess ilizuiwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 katika hao wakaambukizwa. Mwezi uliofuata biashara hiyo ilisimama takriban dunia nzima, na wengi wakadhani imekufa. Haikufa. Jumuiya ya makampuni hayo, CLIA, ilihesabu abiria milioni 29.7 mwaka 2019, na milioni 34.6 mwaka 2024. Wala si wazee peke yao, kama watu wadhanivyo. Zaidi ya theluthi yao hawajatimiza miaka 40.

Hatuna ugomvi na mtu kupumzika. Aliyefanya kazi mwaka mzima ana haki ya kustarehe, yeye na watoto wake. Tunalolipinga ni namna ya safari inayochaguliwa, na hasara yake inayomwangukia asiyekuwamo safarini.

Tazama kwanza wanachokipenda. Zamani meli ilikuwa chombo cha kumfikisha mtu pahala. Sasa meli yenyewe ndiyo pahala. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, ina sitaha 20, mabwawa saba ya kuogelea, na nafasi ya abiria wapatao 7,600. Julai mwaka huo huo kampuni yake, Royal Caribbean, ikatoa nyengine, Utopia of the Seas, kwa safari za siku tatu au nne tu. Katika muda huo mtu ataijua nchi gani? Ataamkiana na nani?

Na hata inapotia nanga, makampuni yamepata hila nyengine: yajitengenezea visiwa na fukwe zao wenyewe. Royal Caribbean wana CocoCay huko Bahamas. Carnival wamefungua Celebration Key Julai 2025, katika nchi hiyo hiyo. Abiria hushuka, huoga, hula, hununua, kisha hurudi melini, na fedha yake yazunguka ndani ya mfuko ule ule. Muuza matunda wa mjini hapati nafasi ila akiruhusiwa na mwenye ufuo.

Mfano ulio mchungu zaidi ni Labadee, ufuo wa Haiti uliozungushiwa uwa, ambao Royal Caribbean waliutumia tangu 1986. Januari 12, 2010 tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Port-au-Prince na kuua watu kwa maelfu. Hazikupita siku nyingi, meli za starehe zikawa zaegesha Labadee, na abiria waogelea. Insafu yatulazimisha kusema kuwa meli hizo zilileta na misaada, na wakuu wa Haiti waliridhia zije. Lakini jiulize, msomaji: ni safari gani hii imfikishayo mtu katika nchi yenye msiba, asiuone msiba wala wafiwa?

Ama upande wa sheria, utastaajabu. Makampuni makubwa matatu yana ofisi zao kuu Miami, lakini Carnival iliandikishwa Panama, Royal Caribbean imeandikishwa Liberia, na Norwegian imeandikishwa Bermuda. Kwa nini? Kwa sababu ya wepesi wa kodi na wepesi wa sheria. Wanaotandika vitanda na kuosha sahani wengi watoka Ufilipino, Indonesia na India. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 wenyewe wakubali hadi saa 72 za kazi kwa wiki. Huo ndio ulinzi wao!

Na bahari je? Mwaka 2013 mhandisi mpya katika meli ya Caribbean Princess aligundua bomba la siri la kumwaga majitaka ya mafuta baharini, akatoa habari. Mwaka 2016 kampuni ya Princess, iliyo chini ya Carnival, ilikiri makosa na kukubali kulipa faini ya dola milioni 40. Mwaka 2019 Carnival wakakiri tena kuvunja masharti waliyowekewa katika kesi ile ile, wakalipa dola milioni 20 nyengine. Anayekosea mara moja huonywa. Anayerudia kosa akiwa chini ya uangalizi tumwiteje?

Watasema: "Meli hizi ni riziki ya bandari." Waulizwe basi wenye bandari. Juneau, mji wa Alaska wenye watu wapatao 32,000, ulipokea abiria zaidi ya milioni moja na nusu mwaka 2023. Tangu 2024 wamezifunga meli kubwa zisizidi tano kwa siku. Italia ilizizuia meli kubwa kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko, Venice, mwaka 2021. Barcelona wameafikiana mwaka 2025 kupunguza vituo vya meli hizo kutoka saba hadi vitano ifikapo 2030. Hao si watu wasioijua biashara. Wameila miaka mingi, na ndio wanaosema basi.

Watasema: "Ni rahisi." Rahisi kwa nani? Bei ya tangazo ni ya kumtia mtu ndani. Akishaingia, vinywaji, intaneti, mkahawa wa pekee na bakshishi vina hesabu yake. Na kilichopunguzwa katika bei hiyo kimelipwa na mtumishi na bahari.

Watasema: "Mzee na asiyeweza kutembea hupata nafuu." Hilo ni kweli, na twalikubali. Lakini mzee ahitaji ngazi nyepesi na mtu wa kumshika mkono. Hahitaji sitaha 20.

Jambo hili latuhusu na sisi, kwani meli hizi hufika Mombasa na Unguja. Pwani hii ilijengwa na wageni wa vyombo. Walikuja na kaskazi wakaingoja kusi. Katika kungoja huko walipanga nyumba, walikopa na kukopesha, walioa, waliacha maneno yao katika lugha yetu. Hatutaki leo mgeni akae miezi. Twataka wakuu wa bandari wasihesabu vichwa vinavyoshuka, bali wahesabu kinachobaki mjini meli inapong'oa nanga, na waweke kikomo mapema, kabla ya mji kuchoka.

Na wewe msomaji, ikiwa una jamaa ughaibuni anayetaka kukata tikiti ya meli hizi, mwambie aulize mambo matatu kwanza: anayenitandikia kitanda hulipwa nini? Uchafu wangu wapelekwa wapi? Na je, nitazungumza japo na mtu mmoja wa nchi ninayokwenda? Akikosa jawabu, basi fedha yake aitumie kwa safari nyengine.