Kitanda si Tabibu

Imeenea miongoni mwetu itikadi, nayo hukaririwa kwa huruma nyingi hata ikawa vigumu kuipinga bila ya kuonekana mtu mkavu wa moyo, kwamba aumwaye mgongo dawa yake ni kulala. Kwa aliyeteguka jana akipakua magunia, mapumziko ya siku mbili tatu hayana madhara makubwa. Lakini kwa kijana aliyepatwa na baridi yabisi ya uti wa mgongo, ambayo aghalabu huanza kabla ya miaka 45 pale uti uunganapo na mifupa ya nyonga, nasaha hiyo ni dhuluma.

Maradhi haya humwamsha mtu usiku wa manane, humkaza asubuhi kwa nusu saa au zaidi, kisha humlegeza akitembea. Nasi, kwa ajabu yetu, humrudisha kitandani. Ni kweli kwamba ni machache kwetu kuliko Ulaya, kwa kuwa alama ya kurithi iitwayo HLA-B27, ambayo uhusiano wake na maradhi haya ulidhihirika mwaka 1973, ni adimu kwa Waafrika walio wengi. Uchache huo ndio umponzao mgonjwa, maana hudhaniwa mvivu.

Hasara kubwa zaidi imefichika. Vichocheo vya uvimbe uletwao na maradhi haya, kikiwamo kile matabibu wakiitacho TNF, huzunguka na damu mwili mzima vikivunja protini za misuli. Misuli inayozishika pingili hunyauka, mafuta yakakaa mahali pake. Uzito waweza kubaki ule ule, jamaa wakahimidi kuwa hakukonda, ilhali kuinuka kitini kumekwisha kuwa kazi. Mtu mzima mwenye siha kamili, akilazwa majuma machache tu, mapaja yake hupungua nyama: sembuse huyu, ambaye uvimbe na ulalaji humla kwa pamoja?

Watasema uti uliokwisha kugandamana huvunjika kwa pigo dogo. Naam, na kwa hiyo mieleka si yake. Lakini kutembea, kuogelea, kujinyoosha na kuinua mizigo iliyokadiriwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo ni haki yake, sambamba na dawa za kutuliza uvimbe, wala si badala yake. Na tabibu atoshekaye na mizani angemwambia mgonjwa wake, japo mara moja, ainuke kitini mara tano bila ya kushika kitu, akatazama.