Sumu ya Shambani na Shati la Mgonjwa

Msimu wa kunyunyizia nyanya na kabichi ukifika, sisi wauguzi huwa tunajua wageni wetu watatoka wapi. Siku moja tuliletewa kijana juu ya baiskeli, anatokwa na mate na jasho kama aliyemwagiwa maji, kifua kinakoroma, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Ndugu zake walikuwa wamemnywesha maziwa njia nzima. Shati lililolowa dawa lilikuwa bado mwilini mwake!

Dawa nyingi za kuua wadudu, kama diazinoni, hupenya hata kwenye ngozi. Zikiingia hukifunga kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu, na mwili hushindwa kujizuia: mate, machozi, kamasi, kuhara, misuli kuchezacheza. Kinachoua ni kukosa pumzi, kwa kuwa mapafu hujaa majimaji na misuli ya kupumulia hulegea. Sarini, ile sumu iliyoachiwa ndani ya treni za Tokyo Machi 20, 1995, ni ya ukoo huo huo, na huko hata wahudumu wa hospitali waliugua kutokana na nguo za wagonjwa.

Kwa hiyo, nguo kwanza. Na viatu vya ngozi, maana hunyonya dawa. Mkiwa na glavu zivaeni, kisha mwosheni kwa sabuni na maji mengi, msisahau nywele na kucha. Maziwa msimpe, wala msimtapishe, matapishi yasije yakaingia mapafuni. Mlazeni ubavu, mwahini hospitali, na kopo la dawa mlibebe.

Hospitalini tutamdunga atropini. Mtu mzima huanza na miligramu 1 hadi 3, na kila baada ya dakika 5 kipimo huongezwa maradufu mpaka kifua kikauke. Ndugu hulalamika kwamba tunamzidishia. Tunaomba mtuvumilie. Kijana yule alipona, ila tulimweka wodini siku 5, kwani pumzi huweza kulegea tena siku ya 2 hadi ya 4, hata mgonjwa akionekana mzima.

Na ikiwa mgonjwa alikunywa kwa kusudi, msitufiche kwa kuogopa maneno ya kanisani. Aliyekunywa huwa na sumu nyingi kuliko aliyerukiwa, nasi tunahitaji kujua alikunywa kiasi gani, na saa ngapi.